Amana na Amani Bomani Arusha

Siku yangu ya kwanza kazini, Boma la Arusha lilikuwa bado linajengwa, na nyundo za waashi zilitutoboa masikio. Mkalimani mkuu alikuwa Bwana Shomari, mtu wa Pangani. Wenyeji walinieleza shida zao kwa Kimeru, mimi nikamwambia yeye kwa Kiswahili, naye akamwambia Bwana Mkubwa kwa Kijerumani.

"Usiongeze, usipunguze," alinionya. "Ukimwonea mtu huruma, ngoja kwanza umalize maneno yake."

Sikuwa nimekaa sana kazini alipokuja mjane mmoja kutoka Akheri, Mama Ndekirwa. Jirani yake alikuwa amegoma kupeleka watu wa kubeba mawe ya boma, askari wakamsombea zizi zima. Humo mlikuwa na ng'ombe wa huyu mama na ndama wake. Alikuwa amemwekesha huko kwa sababu kwake hakukuwa na majani.

Nikasema, "Ng'ombe huyo ni amana." Yaani mali ya mwingine uliyokabidhiwa uitunze.

Nyundo zilikuwa zinagonga. Bwana Shomari akasikia "amani", akamweleza Bwana Mkubwa kwamba mama ametoa ng'ombe wake kuomba amani. Bwana Mkubwa akatabasamu, akaagiza wachinjiwe askari.

"Bwana anakushukuru, mama," Shomari akasema, nami nikamfikishia.

Mama akanishangaa. "Ananishukuru kwa lipi, mwanangu? Mbona hajasema nimchukue lini?"

Nilipomrudishia Shomari swali hilo, uso ulimbadilika.

"Ulisema amana?"

"Amana, bwana."

Angeweza kunyamaza. Bwana Mkubwa hakupenda kurudishwa nyuma, na mkalimani aliyekosea alichapwa mbele ya watu. Shomari alimtazama yule mama, akavua kofia, akarudi ndani. Nilimfuata hadi mlangoni. Kijerumani nilikuwa nakijua kidogo tu, lakini nilimwona akijigonga kifuani, kisha akininyooshea kidole na kutikisa kichwa: kosa langu, si la huyu.

Ng'ombe alirudishwa. Ndama alikuwa amekwisha kuchinjwa. Shomari alipigwa viboko uani, akafukuzwa kazi, akaambiwa aondoke na msafara wa kwanza wa kwenda pwani.

Mimi nilibaki. Baadaye nilihamishiwa Moshi, chini ya Bwana Shauri, Mjerumani wa kuamua kesi, mtu mpole aliyependa mashauri yaishe kabla ya chakula. Hata huyo nilimchelewesha, maana kila mtu nilimwomba arudie neno lake. Wajerumani walipoondoka, nikarudi Akheri kulima kahawa.

Vijana huniuliza habari za bunduki na wakubwa wa siku zile. Nawajibu ninayoyajua. Lakini ninayemkumbuka zaidi ni Bwana Shomari, asubuhi ya kuondoka kwake. Mama Ndekirwa aliteremka na kibuyu cha maziwa, akamwekea kigoda.

"Keti unywe, baba."

"Nisamehe, mama," akasema kwa upole. "Leo nitakunywa nimesimama."

Akanywa yote.