Bega la Mjane
Fundi bunduki wa mtaa wetu hamwambii mteja neno kabla hajauchungulia mtutu kuelekea dirishani, huku akivuma wimbo usio na maneno. Vidole vyake vinanuka mafuta hata siku ya mapumziko. Juzi alikuja mjane na bunduki ya marisau, yenye mtutu wa namba kumi na mbili, aliyoachiwa na mumewe. Nguruwe mwitu wanamaliza mahindi, naye kila akifyatua, bega linavimba.

“Niiuze tu?”

“Bunduki haina kosa, mama. Kitako hiki ni kirefu kwako, kilipimiwa mkono wa baba watoto.”

Akampima mkono, akakipunguza kitako, akakivisha mpira. Wakatoka hadi kwenye tuta nyuma ya karakana, fundi akasimamisha kopo juu yake. Mama akafyatua, kopo likaruka.

“Bega vipi?”

“Lipo.”

“Basi mwaka huu mahindi utayala wewe.”