Damu Kwanza

Huku Rwamgasa mtu haamini kwamba anaumwa mpaka atobolewe. Mimi ni mganga wa zahanati, na hakuna kinachonichosha kama hili la damu. Mtoto anatapika na kuharisha majimaji, watoto wa mtaa mzima wanaharisha vilevile, nasema ni virusi vya tumbo, apewe maji ya kutosha. Mama ananitazama kama nimemtukana. Damu hujachukua, umejuaje?

Asubuhi moja ya kiangazi aliingia bibi mmoja amembeba mjukuu wake, kabinti kalikoanza kutembea juzijuzi. Baba yake alikuwa duarani, kwenye shimo la dhahabu, anachimba, mama yake ametoka kujifungua. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, analia bila machozi. Nilipobana ngozi ya tumbo na kuiachia, ilirudi polepole. Nikauliza amekunywa nini tangu jana.

"Sijampa hata tone, daktari," bibi akasema, tena kwa fahari. "Nilitaka damu yake ije safi."

Kumbe marehemu mumewe alipokuwa akipimwa sukari aliambiwa aende bila kula wala kunywa, na bibi akalishika hilo kwa vipimo vyote. Mtoto amelilia kikombe usiku kucha, naye amemnyima kwa mapenzi.

Nilikasirika. Nikakoroga pakiti ya chumvi na sukari, nikamkabidhi kikombe na kijiko.

"Mayu, mama yangu, mpe anywe sasa hivi."

Akaufunika mdomo wa mtoto kwa kiganja. Damu kwanza. Nikamweleza kwamba virusi hivi sivioni kwenye damu ya kidoleni, hata nikikamua vidole vyote. Nikarudia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. Akaitikia kwa adabu, kiganja hakikutoka. Sisi tunabishana, mtoto anazidi kukauka.

Mwili wake ulikuwa wa moto, na mwenye homa huwa tunampima malaria, basi nikamtoboa. Kidole kiligoma, nikakikamua mpaka kikatoa kitone. Hata majibu hayajatoka, bibi alishashika kijiko. Mtoto alikunywa kwa pupa, akatapika, tukasubiri kidogo, tukaanza tena kijiko kimoja kimoja. Malaria hakuna. Kufikia mchana alikuwa amekojoa, na alipolia machozi yalimtoka. Nilishusha pumzi.

Nikatoka barazani kuita mgonjwa mwingine. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, mjukuu mapajani, anamsimulia mama mmoja kijana jinsi mtoto alivyopata nafuu mara tu damu ilipotoka. Mama yule naye alikuja na mtoto anayeharisha, na alikuwa anamnywesha uji mwepesi. Alimsikiliza bibi mpaka mwisho. Kisha akafunika kikombe na kukisukuma chini ya benchi, mtoto akikinyooshea mikono.