Alimpenda Sista, Akaoa Mke

Nilikuwa mkunga kabla sijawa mke wa mtu. Naanza na hilo kwa sababu wengi walionijua Nakuru katika miaka ile ya hamsini walinijua kwa lile la pili tu: mke wa fayamani wa reli, mchochea moto wa injini, yule wa landhi karibu na bomba la maji. Landhi zilikuwa nyumba za safu, chumba kimoja kwa kila familia, na ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya ulimwombea heri ukiwa kitandani kwako.

Ukunga niliusomea katika hospitali ya misheni kwetu magharibi. Baba alikubali nisome kwa sababu hakujaliwa mtoto wa kiume, na karo ya shule ilikuwa imekwisha kutengwa. Nilipomaliza nililetwa Nakuru, wodi ya akina mama. Tulikuwa wasichana Waafrika wachache wenye kofia nyeupe, wagonjwa wakituita sista, na tukipita sokoni watu waligeuka. Wanawake walinong'ona kwamba hatutaolewa, maana tumeona miili ya watu wengi mno. Wanaume hawakunong'ona. Walitutazama kama mtu anavyotazama nguo nzuri dukani, akijua si ya kuvaa kila siku.

Huyo mume wangu alikuja hospitali mkono umechomwa na mvuke wa injini. Mhudumu wa zamu alikuwa ameitwa kwingine, nikaitwa mimi. Nilimwambia akae. Akabaki amesimama, akisema atamngoja daktari.

"Daktari hayupo," nikamwambia. "Kaa chini, nyosha mkono, na usiangalie kidonda. Angalia dirisha."

Akakaa. Alipokuja kubadilishiwa bendeji akaniambia, "Sista, tangu nianze kazi nimeamrishwa na kila mtu. Wewe ndiye wa kwanza kuniamrisha nikafurahi."

Mkono ulipona lakini yeye aliendelea kuja. Jumapili baada ya ibada alinisubiri kwenye lango la hospitali, shati limepigwa pasi, tukatembea hadi mwisho wa barabara ya lami na kurudi. Aliniuliza habari za kazi yangu. Unajuaje mtoto yu hai tumboni? Unafanya nini akija miguu kwanza? Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza injini yenye hitilafu. Sijui mwanamke gani mwingine mjini aliulizwa maswali kama hayo na mwanaume. Nilimpenda kwa ajili ya maswali yale.

Tulipooana, matroni, mkuu wa wauguzi, aliniruhusu niendelee na kazi kwa kuwa wauguzi walikuwa haba. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Kisha maneno yakaanza, madogo madogo, kama mchwa. Wenzake wakija kucheza karata walimuuliza, "Leo nani anakupikia, bwana? Ama mama bado anazalisha mji mzima?" Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anatazama karata zake tu.

Mama mkwe alikuja kututembelea na kikapu cha mtama na kuku wawili. Alikuwa mtu mpole, na hata leo simtii lawamani. Aliniita jikoni, yaani pembeni mwa kile chumba tulipoweka jiko la makaa, akasema, "Mwanangu, mke anayelala nje ya nyumba yake, hata akilala kanisani, watu watasema. Na mwanangu mimi ana masikio."

Siku zile ilikuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Askari walisimama kila kona, na zamu ya usiku niliiendea na pasi, kibali cha kutembea gizani, mkononi. Mume wangu aliniambia hofu yake ni askari. Nadhani hilo nalo lilikuwa kweli.

Halafu nikapata mimba. Matroni alisema muuguzi mwenye tumbo hakai wodini, akaniuliza kama nitarudi nikishajifungua. Nikamjibu kwamba nitamuuliza bwana. Nilimuuliza jioni ile alipokuwa ananawa masizi bombani.

"Wewe ni mama sasa," akasema. "Waachie wale wasichana."

"Na nikitaka kurudi?"

"Nitaonekana mwanaume wa namna gani?"

Hakupaza sauti. Angefoka, ningejua la kumjibu. Alisema kama mtu anayeomba, na maji yakimtiririka viwikoni, nikamhurumia. Wiki iliyofuata nilirudisha yunifomu, kofia, na ile pembe ya mbao tuliyoiweka tumboni mwa mama kusikiliza moyo wa mtoto. Matroni aliandika kitu, akaniambia Mungu anibariki.

Binti yetu alizaliwa salama. Kwa miezi kadhaa nyumba ilikuwa na furaha ya kweli. Akirudi safari ya Kisumu alileta samaki, akamrusha mtoto juu, akawaambia wenzake wakae wale, mama amepika. Nilipika. Nilifua. Nilinunua viazi kwa wanawake walioteremka navyo kutoka Dundori, nikajua bei ya kila kitu. Lakini maswali yalikwisha. Angeniuliza nini? Viazi vimeivaje? Alikula akiwa ameinamia sahani, akalala. Nikimweleza mambo ya jirani, macho yake yalikwenda mlangoni.

Siku moja nilikuwa namfungia vifungo vya koti la kazi. Akasema, bila ubaya, kama mtu anayekumbuka jambo la mbali, "Zamani ulikuwa ukinukia dawa ya hospitali. Niliipenda sana ile harufu. Siku hizi unanukia moshi."

Nilimaliza vifungo. Alipotoka nilikaa kitandani nikanusa mikono yangu, na kweli ilinuka moshi. Ningenuka nini kingine?

Habari za mwalimu mmoja niliambiwa na jirani, tukiwa tunaanika nguo. Alikuwa msichana anayefundisha shule ya msingi ya misheni, amehamishwa hapo karibuni, anatembea na vitabu kifuani na viatu vya kamba. Jirani alisema, "Wanamwona na bwana wako." Nilijiambia ni umbeya wa landhi.

Kisha ikaja siku ya michezo ya wafanyakazi, na sote tukaenda uwanjani na watoto. Nilimwona mume wangu upande wa pili, chini ya kivuli cha paa la mabati, amesimama na yule msichana. Hawakushikana. Hawakuwa hata karibu sana. Msichana alikuwa anaeleza jambo, mikono yake ikichora hewani, na mume wangu alikuwa anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Ningeweza kuvumilia mengine yote, lakini si hilo. Nilimbeba mtoto mgongoni nikarudi nyumbani kabla ya mbio kwisha.

Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Mwaka ukaisha hivyo.

Asubuhi moja, yeye akiwa safarini, mlango ukabishwa. Alikuwa yule mwalimu. Viatu vyake vya kamba vilikuwa havifungiki tena kwa uvimbe wa miguu, na gauni lilikuwa limepanuliwa kwa kitambaa cha rangi nyingine. Alibaki nje ya kizingiti.

"Dada, sikuja kugombana," akasema. "Shule wamenifukuza. Nyumba ya mwalimu nimetolewa. Nimepanga kwa mama mmoja, lakini anaogopa nisije nikamfia. Ameniambia mke wa fayamani alikuwa mkunga."

"Alikwambia ni mke wa fayamani gani?"

"Najua mwenyewe," akasema, na machozi yakamshuka. "Mimi ningekwenda wapi? Hospitali wauguzi wote wamekwisha kusikia habari zangu."

Nilitaka kumfungia mlango. Nasema ukweli, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuiona miguu yake, na miguu ile haikuwa ya kuachwa. Nikamwambia aingie, alale chali kitandani, kitanda changu na mume wangu, maana hakikuwapo kingine.

Nikapasha mikono joto kwenye jiko, kama nilivyofundishwa, nikaiweka tumboni mwake. Sikuwa nimeigusa kazi ile kwa zaidi ya miaka miwili. Mikono ikakumbuka yenyewe. Hiki kichwa, huu mgongo, hapa miguu. Pembe sikuwa nayo, nikaweka sikio. Nikausikia moyo wa mtoto, mwepesi na imara, na pale, nikiwa nimeegemea tumbo la mwanamke aliyechukua usikivu wa mume wangu, nilijisikia mtu kamili tena kwa mara ya kwanza tangu nirudishe yunifomu. Furaha na uchungu vilikuja pamoja, nikashindwa kuvitenganisha.

"Yuko sawa," nikamwambia. "Punguza chumvi, inua miguu ukikaa. Uchungu ukianza uje hapa."

Alipokuwa anavaa viatu nikamuuliza, "Yeye anasemaje?"

"Alisema akinioa mke wa pili niache kufundisha. Nikakataa. Nikamwambia kufundisha ndiko kulikomleta kwangu. Halafu likaja hili, wakaniachisha wao." Akaichomeka kamba ndani ya kiatu. "Tangu nifukuzwe hajafika."

Msichana alikuja Jumapili, uchungu umeanza, landhi karibu tupu kwa kuwa watu walikuwa kanisani. Jirani yule yule wa umbeya ndiye aliyechemsha maji na kumchukua binti yangu kwake. Uchungu ulikuwa mrefu. Msichana alinishika shingo akiniita dada, nami nikamwamrisha kama nilivyozoea kuamrisha: sasa, bado, pumua, sasa. Akazaa mtoto wa kike, mwenye paji la uso la watu wote wa kwao mume wangu. Nilimkata kitovu, nikamfunga katika shuka ya binti yangu, nikampa mama yake.

Mume wangu alifika alasiri ya siku ya pili. Alifungua mlango, bado ana koti la kazi na kibuyu kitupu cha chai mkononi, akatukuta: msichana kitandani, mtoto kifuani, mimi nakunja vitambaa. Alitutazama mmoja mmoja. Msichana akajaribu kuketi wima, akajitengeneza nywele.

Akasema, "Chai iko?"

Nilimmiminia. Akatoka nayo nje, akainywea kwenye ngazi, amegeuza mgongo.

Giza lilipoanza kuingia nilimfuata. Akasema bila kunitazama, "Huyu hawezi kukaa hapa."

"Si ulimwambia utamwoa?"

"Nilimwambia wakati ule alikuwa mwalimu."

Alisema hivyo hivyo, kama jambo lililo wazi kwa kila mtu. Sidhani alijisikia akilisema. Hakuwa mtu katili. Mtoto akiugua alikesha, na jirani akifiwa alikuwa wa kwanza kuchimba kaburi. Lakini nilisimama pale nikaelewa maisha yangu yote ya ndoa kwa sentensi moja, na nikaelewa pia kwamba yeye hataielewa kamwe. Alipenda mwanamke anayesimama mahali pake mwenyewe. Akishampata, humtoa mahali pale, kisha hushangaa amekwenda wapi.

Baba wa msichana alipelekewa habari, akaja kwa gari la moshi, mzee wa kanisa mwenye kofia aliyoivua mlangoni na kuishika muda wote. Hakukaripia. Alinishukuru mimi, akamwambia binti yake, "Twende." Nilimbeba mtoto hadi stesheni kwa sababu mama yake alikuwa bado dhaifu. Tulipofika behewani alikaa, nikampa mtoto. Nikamwonyesha tu namna ya kumshikilia kichwa mtoto treni ikitikisika, jambo ambalo alikuwa analijua tayari, naye akanisikiliza hadi nikamaliza.

Mwezi ule ule nilimwambia mume wangu narudi kazini. Sikuuliza. Akasema, "Haya." Matroni alikuwa mwingine, Mzungu kijana. Alisema nafasi za wakunga ni za wasichana wasio na mume, lakini alihitaji mtu wa kufagia wodi na kumwaga vyombo vya haja vya wagonjwa. Nilichukua. Nilivaa gauni la kijivu la wafagiaji, nikasafisha sakafu iliyokuwa yangu. Wakunga wachanga walinijua kama mama wa ufagio. Mara moja moja mmoja wao, akiona mtoto amelala vibaya tumboni, aliniita kwa sauti ya chini niweke mkono, kisha nikarudi kwenye ndoo yangu.

Nyumbani tuliishi kwa amani. Tulipata watoto wengine wawili. Mume wangu hakuniangalia tena kwa jicho lile la Jumapili za kwanza, nami nililizoea hilo, kama mtu anavyozoea jino lililong'oka.

Miaka ile ya hamsini ikikaribia kwisha, mwanamke wa kijiji cha yule mwalimu alilazwa wodini. Nilimuuliza habari za mwalimu nikiwa napiga deki chini ya kitanda chake. Akaniambia aliozwa mzee mjane mwenye watoto wakubwa, anauza viazi vitamu sokoni. Shule za kule hazikumtaka.

"Na mtoto?"

"Yupo. Anasoma tayari, ingawa hajaanza shule. Mama yake humfundisha hapo hapo sokoni, anamwandikia kwenye vumbi kwa kijiti. Watu wanamcheka."

"Yeye akichekwa husema nini?"

"Hasemi kitu," akanijibu. "Hufuta, akaandika herufi nyingine."

Nilimaliza kitanda kile, nikasogeza ndoo hadi kinachofuata.