Neno Moja la Kumbakiza Mama Thika

Mtu akiniuliza leo ni neno gani la Kiingereza lililowahi kunitoa jasho, simtajii yale marefu ya madaktari. Namwambia ni sapoti. Ndiyo, hilo hilo mnalolitupatupa siku hizi kama maganda ya ndizi. Mlizaliwa wakati mzuri.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau msituni. Mama yangu alikuwa Mkikuyu wa upande wa Gatuanyaga, akasilimu alipoolewa na baba, Mwarabu wa Hadhramaut aliyefika Thika na sanduku moja la mbao. Walikuwa na duka. Watu waliliita duka la Mwarabu, ingawa mwenye kulifungua alfajiri, kupima sukari, kugombana na wauza maharagwe na kushona nguo za watu kwa cherehani mle ndani alikuwa mama. Baba alikuwa mtu wa barazani. Salamu zake zilikuwa nzuri sana.

Mwaka huo baba alikuwa amekwenda kwao kumwona nyanya, aliyekuwa mgonjwa. Nyanya akapona, baba akabaki. Kila barua ilisema mwezi ujao, inshallah.

Ndipo amri ikatufikia. Wakikuyu wasio na ruhusa ya kukaa mjini waondolewe, wapelekwe kwenye vile vijiji vipya vilivyozungushiwa mtaro na miti iliyochongoka. Jirani yetu wa mlango wa tatu alikuwa ameshapakiwa kwenye lori na sufuria zake, na mtoto mgongoni. Mama akaitwa kwa Bwana DO, afisa wa wilaya, kijana mmoja wa Kizungu mwekundu wa jua, akapewa karatasi na miezi mitatu. Ataachwa Thika ikiwa mumewe ataandika kwamba anamsapoti, na maandishi hayo yapigwe muhuri na kadhi wa huko aliko. Kadhi wa huko hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Basi ni Kiarabu, na wa kuandika ni mimi, binti wa miaka kumi na tisa niliyepata Kiingereza shuleni na Kiarabu katika chuo cha Kurani kwa Maalim.

Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja. Thubutu!

Neno lile lilikuwa na vyumba vingi. Lilikuwa kushikilia kitu kisianguke. Lilikuwa kumlisha mtu. Lilikuwa kuvumilia. Lilikuwa pia kukubaliana na msimamo wa mtu, na mwaka ule, katika kinywa cha Bwana DO, mara nyingi lilikuwa kuwapelekea chakula watu wa msituni. Nikikosea chumba, kadhi ataiandikia serikali kwamba baba yuko bega kwa bega na siasa za mama, na mama hakuwa na siasa, alikuwa na cherehani.

Nikaenda kwa Maalim. Akasikiliza, akafumba macho, akasema, "Binti, andika nafaqa. Ni matumizi ya mke, haki yake kwa mumewe. Sheria iko wazi."

Nikaandika. Lakini mama akasema nimwonyeshe kwanza Ami, rafiki wa baba aliyekuwa na hoteli ya chai Ruiru, kwa kuwa Ami ndiye anayewajua watu wa kule. Mama mwenyewe hangeweza kutoka Thika bila pasi, kwa hiyo mimi, niliyeandikishwa Mwarabu kama baba, nikapanda gari moshi peke yangu. Ami akaisoma barua akiwa amesimama, birika mkononi, akapiga kelele mpaka wateja wakageuka.

"Nafaqa! Wallahi, unataka kumshtaki baba yako? Kule mwanamke hapeleki neno hilo kwa kadhi ila mumewe amemnyima chakula. Mji mzima utasema amemtupa mkewe Afrika. Andika kafala. Amemdhamini, sahihi, kwisha."

Nikarudi Thika. Maalim akacheka mpaka akakohoa. "Kafala ni ya yatima! Kwani mama yako ni yatima? Mwambie huyo muuza chai akakoroge chai yake."

Nikarudi Ruiru. Ami akasema Maalim hajapata kuiona Hadhramaut hata kwenye ndoto. Nikarudi Thika. Maalim akasema Kiarabu cha Ami ni cha punda na sokoni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini hawa wawili walikuwa wananyoa kichwa changu mimi! Wiki tatu zikaisha hivyo, na kila jioni mama ananiuliza kutoka nyuma ya mizani, "Limepatikana?"

"Bado, mama."

"Haya." Kisha anarudi kupima. Siku moja nikaona amekwisha kufunga vyombo vyake kwenye shuka, akavisimamisha karibu na mlango. Aliogopa lori lisije likamkuta hajajiandaa. Pale hasira ikanipanda. Nikasema potelea mbali, Maalim na Ami wote wawili na Kiarabu chao.

Nikaliacha neno lenyewe. Nikamwandikia kadhi kwa Kiarabu cha kawaida kabisa: Tafadhali muulize mtu huyu kama ndiye anayemlisha mke wake, anayemvika na anayempa nyumba, kisha uandike jibu lake. Nikajiona hodari. Hata koma moja haikuwa na shaka. Nikaipeleka posta mwenyewe, nikatembea kurudi nyumbani kichwa juu.

Jibu lilifika zikiwa zimebaki siku tisa. Muhuri ulikuwepo, mkubwa, wa duara. Nikaanza kumsomea mama kwa furaha, nikifasiri papo hapo, hadi nikafika pale baba anapojibu.

Kadhi alikuwa mtu wa kazi yake. Kwa kuwa aliulizwa jambo la kweli au si kweli, alimwapisha baba kwa Msahafu. Na baba, mshika dini yule, hakuweza kuapa uongo. Alisema hivi, na kadhi akayaandika yote: "Chakula ni chake. Nguo ni kazi ya mikono yake. Kodi ya nyumba analipa yeye. Hata nauli ya kuja kumwona mama yangu alinipa yeye. Tangu nimwoe, yeye ndiye aliyenibeba, nami sijawahi kumwambia."

Nikaitupa barua mezani. Jamani! Mtu ametudanganya mwezi ujao inshallah mara saba, na ukweli kaupata siku hiyo!

Mama alikuwa amekaa juu ya gunia la maharagwe. "Soma tena pale alipoapa," akasema.

"Mama, hii barua ndiyo itakayokupakia kwenye lori."

"Nimesema soma."

Nikasoma. Akalia kwa sauti, mama ambaye sikuwa nimemwona akilia hata alipozika mamake. "Ngai! Miaka ishirini," akasema. "Mbele ya kadhi, na mashahidi." Akajifuta uso, akaniambia kwamba kwa Bwana DO nitaisoma vile ilivyoandikwa, neno kwa neno. Kama ni kuondoka, ataondoka nayo.

Nikaitikia, nikijua kabisa sitafanya hivyo.

Pale ofisini hapakuwa na hata mmoja aliyejua hata alifu ya Kiarabu. Bwana DO akanipa karatasi, akaniambia niifasiri barua kwa Kiingereza, nitie sahihi. Niliandika mstari mmoja: mume huyu anathibitisha kwamba anamsapoti mke wake kwa chakula, mavazi na nyumba. Neno lile halikunipa taabu hata kidogo safari hii. Bwana DO akamgeukia mama kwa Kiswahili chake, akitabasamu. "Mzuri sana. Bwana yako nakupa wewe chakula, nguo, nyumba."

Mama akanitazama. Angeweza kusema. Mimi nilikuwa nimeishika meza kwa vidole vyote kumi, namwomba Mungu asiseme. Hakusema. Ruhusa ikapigwa muhuri. Mama akanyoosha mkono aipate ile barua ya baba, na Bwana DO akaitoboa, akaifunga kwenye faili pamoja na tafsiri yangu. Ilikuwa ya serikali sasa.

Tulirudi nyumbani, mama akitangulia. Akafungua duka, akauza kibaba cha sukari, akaifungua ile shuka na kurudisha sufuria mahali pake. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Basi nimebaki Thika. Nalishwa na bwana."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama alitaka sifa angepanda lori akazihesabu huko. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile ulikuwa na ncha.

Baba alirudi mwaka uliofuata, na tende na manukato. Baraza ikajaa wazee wakimpa hongera: amemwokoa mkewe akiwa ng'ambo ya bahari, mume ndiye huyo! Ami alikuwepo, Maalim alikuwepo. Mama akatoka na sinia la kahawa, akalishikilia, hakuliweka chini.

"Ulimwambia nini kadhi?" akamwuliza baba, mbele yao wote.

Baba akatazama wageni, akatazama vikombe. "Nilisema yale mliyotaka niseme," akajibu.

Mama hakugombana naye. Alinigeukia mimi niliyesimama mlangoni, akangoja niyataje yaliyoandikwa. Upande huu wa bahari hapakuwa na mtu mwingine aliyeisoma barua ile, na sahihi yangu ilikuwa ofisini ikisema mengine.