Kioo cha Mashine ya Kufulia

Kila nikisikia harufu ya sabuni ya unga hapa bwenini, uso unaniwaka moto.

Nilipokuwa mdogo, baba alileta mashine ya kufulia kutoka Dar, ile yenye mlango wa kioo mbele. Akaiweka sebuleni ili wageni waione. Maji tulimimina kwa ndoo.

Siku babu mzaa baba alipokuja kututembelea, baba alimwekea kiti mbele ya kile kioo. "Angalia mzee, inafua yenyewe!" Mama alikuwa ameshajaza nguo tangu asubuhi, hakujua kwamba itawashwa mbele ya mkwewe. Kwetu mke hata shimizi yake haianiki mahali baba mkwe atapita.

Nguo zikaanza kuzunguka. Mdogo wangu akawa anamtajia babu: "Hiyo shati ya baba! Hiyo yangu ya shule! Hiyo chupi ya mama!"

Mama alitoka jikoni mbio. Baba akavuta mlango ukagoma, kumbe haufunguki mpaka imalize. Basi mama akakaa chini, akaziba kioo kwa mgongo wake, uso kwenye magoti, akawa anatetemeka pamoja na mashine. Mimi nilitazama sakafu tu.

Babu akakohoa, akabeba kiti chake, akatoka.

"Mwanangu," alimwita mama kutoka uani, "chai yangu nitanywea huku. Huku kuna upepo mzuri."

Nikampelekea mimi. Alikuwa amekaa juani, ameupa mlango mgongo, na hata jani halikutikisika.