Bakuli Lisiloonja Sabuni

Kiangazi kile dada yangu alipotimiza miaka kumi na minane, alipewa zawadi ya usafi shuleni kwa masista. Sista mlezi alikuwa na mazoea ya kupitisha kitambaa cheupe ndani ya kila bakuli baada ya chakula. Mabakuli ya dada hayakupata kukitia doa hata siku moja. Tangu hapo tukamwita Povu, na jina likamfuata hadi kazini.

Kazi yenyewe aliipata ukubwani: kuosha vyombo katika maabara iliyo karibu na bahari, kwanza kwa miezi mitatu ya majaribio. Mkuu wake, Daktari, alikuwa mwanamke kijana mwenye utani mwingi. Alihariri jeni za viinitete vya nungunungu wa baharini, yule mnyama wa mviringo aliyejaa miiba. Kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, alilidunga yai moja moja, akaingiza ndani yake kitu walichokiita mkasi, nacho kikaikata jeni ya rangi na kuziacha nyingine zote. Alitaka kuona kama watoto wangetokea bila vidoa vyao vyekundu.

Dada alivikuta vyombo vina ukungu wa chumvi, akaona haya kwa niaba ya wenyewe. Akaleta sabuni kutoka nyumbani, akavisugua hadi vikang'aa.

Wiki hiyo viinitete vyote vikafa, vilivyodungwa na vile visivyodungwa vya kulinganishia. Wiki iliyofuata, vilevile.

"Mayai yamechoka," alisema Daktari. "Msimu unaisha, Mama Povu. Tukikosa na safari hii, tufunge virago mpaka mwakani."

Siku mbili baadaye dada alimkuta anacheka peke yake juu ya hadubini.

"Njoo uone! Wa bakuli hili lenye ufa wanaogelea!"

Dada akachungulia. Vitone vilizunguka kama vumbi katika mwali wa jua. Akalitambua bakuli lile: sabuni ilikuwa imemwishia, akalisuuza kwa maji matupu na kumwomba Mungu msamaha.

Miezi yake ya majaribio ilikuwa bado haijaisha. Angeweza kuiacha sabuni kimyakimya, na hakuna ambaye angejua.

"Daktari," akasema, "muuaji ni mimi."

"Makubwa! Umefanya nini, mama?"

"Nimeosha. Kwa sabuni. Vizuri sana."

"Hukuambiwa kwamba vyombo hivi havionjeshwi sabuni maisha yao yote?"

"Na nani? Vilikuwa vichafu, mwanangu, nikaona aibu!"

Daktari akacheka mpaka akatafuta kiti. "Basi kosa ni letu. Wiki mbili nayasingizia mayai ya watu!"

Wakatoa mabakuli mapya stoo, dada akayasuuza kwa maji ya bahari. Siku ya nne, watoto wasiodungwa walikuwa na vidoa vyekundu. Waliodungwa, wengi wao walikuwa weupe kama kioo. Dada akaajiriwa moja kwa moja, akakabidhiwa ufunguo wa kabati la mabakuli.

Alilitunza miaka kumi na sita. Nyumbani, sahani zetu ziliendelea kuogeshwa povu bila huruma.

Siku aliyostaafu nilikwenda kumchukua. Baada ya kuagana na wote, alirudi kwenye beseni, akasuuza bakuli moja kwa maji matupu, akalinusa, akalifudikiza kabatini, akafunga, na kumpa Daktari ufunguo.