Tumbawe la Unyambwa

Swali la kwanza mama aliloniuliza nilipoitua ile chupa lilikuwa hili: "Linaliwa?"

Nikamwambia haliliwi.

"Linauzwa?"

Haliuzwi. Akaizunguka chupa, akainama, akanusa mdomo wake, akakunja uso. "Sasa umelibeba siku mbili zote hizo la nini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimetoka chuo cha ualimu pwani kwa treni hadi Manyoni, kisha kwa basi lililojaa vumbi hadi Singida mjini, kisha kwa miguu hadi Unyambwa. Njia nzima chupa ilikuwa mapajani au kichwani. Kabla yangu ilikuwa chupa ya peremende ya dukani. Sasa ndani yake mlikuwa na maji ya bahari, mchanga mweupe wa kina cha vidole viwili, na jiwe la ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Jiwe lile lilikuwa hai. Upande mmoja lilikuwa la zambarau, kama mtu amelipaka rangi akachoka katikati. Upande wa pili lilibeba tumbawe dogo lenye midomo kumi na minne, na kila mdomo ulikuwa na vidole vya kijani vilivyofunguka mchana na kujikunja giza likiingia. Kulikuwa na kamba mmoja mwembamba kuliko sindano, mwili wake unapitisha mwanga. Kulikuwa na kaa mmoja aliyeishi ndani ya ganda la konokono, akilivuta kila alikokwenda.

Mkufunzi wetu wa baiolojia ndiye aliyenifundisha. Yeye alikuwa na chupa tano kama hiyo dirishani, na siku ya mwisho aliniruhusu nichukue jiwe moja. "Funga uzi pale maji yanapofika," aliniambia. "Kila asubuhi yatakuwa yameshuka kidogo. Usijazie maji ya chumvi. Maji huenda zake hewani, chumvi haiendi popote. Tia maji matamu mpaka kwenye uzi, basi. Ukikosea hapo, umeua."

Nikafunga uzi mwekundu. Nikaiweka chupa kwenye kisanduku karibu na dirisha, mahali penye mwanga lakini pasipochomwa na jua. Nilikuwa nimekuja pia na dumu moja la maji ya bahari, nikalificha chini ya kitanda, gizani, la kubadilishia kidogo kidogo. Hewa niliipeleka kwa pampu ya baiskeli niliyoifunga mpira wa valvu, mipigo hamsini asubuhi na hamsini jioni. Mara moja kwa wiki nilisaga kichwa cha dagaa, nikachukua unga kwa ncha ya njiti ya ufagio, nikalisha mdomo mmoja baada ya mwingine. Ulipoingia mwezi wa sita na baridi yetu ile inayopasua midomo, niliivika chupa blanketi langu kila jioni na kuisogeza karibu na mafiga. Mimi nilijifunika khanga mbili.

"Umeolewa na jiwe," mama alisema.

"Angalau halinipigi."

Alicheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Mwaka uliotangulia watu wetu walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, kisima kimoja, ofisi moja, shamba moja kubwa la mtama. Baba yangu alikuwa amefariki miaka mingi kabla ya hapo. Mdogo wake, baba yangu mdogo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa moyo wake wote, na mtu wa namna hiyo hachoki.

Watu walikuja kutazama. Wanawake waliotoka kisimani walitua ndoo mlangoni, wakaingia wawili wawili.

"Huyu mdudu ana nyumba yake mwenyewe?" mmoja akauliza juu ya kaa.

"Si yake. Aliikuta tupu, akaingia."

"Kumbe naye amehamishwa!"

"Na yeye walimwambia maji yatakuja kwa bomba?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakaondoka na ndoo zao, na kesho yake wakaja wengine.

Kisha kiangazi kikakaza. Kisima kikaanza kutoa maji ya rangi ya chai, na foleni ikaanza kabla ya alfajiri. Kila asubuhi uzi mwekundu ulikuwa juu ya maji kwa unene wa kidole, na kila asubuhi nilitia kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Mtu akahesabu vikombe vyangu. Jambo likapelekwa mkutanoni.

Baba mdogo aliniita nisimame mbele ya watu.

"Mwalimu," alisema, kwa sababu mkutanoni hakuniita mwanangu, "kila kitu katika kijiji hiki kina kazi yake. Jembe lina kazi. Ng'ombe ana kazi. Hilo jiwe lina kazi gani?"

"Halina."

Watu wakacheka. Alidhani nitasema ni la kufundishia. Ningeweza kusema hivyo, na angefurahi, angeliandika kwenye daftari la kijiji pamoja na mizani na ubao. Lakini nilikuwa nimechoka. Tangu nijue kusoma nilikuwa naulizwa faida ya kila kitu: faida ya kitabu, faida ya kukaa kimya, faida ya msichana kuandika hadithi kwenye daftari la hesabu. Nilitaka katika dunia hii niwe na kitu kimoja nisichokitolea hesabu.

"Basi linakunywa maji ya nani?"

"Yangu. Nimeacha chai ya asubuhi. Kikombe changu ndicho ninacholipa."

"Huo ni ubinafsi."

"Ndiyo, baba mdogo. Ni wangu mwenyewe."

Kicheko kikakatika. "Jumapili ijayo, mkutanoni hapa," baba mdogo akasema, "nataka kuiona hiyo chupa ikiwa tupu. Itatufaa kuwekea mbegu."

"Sitaimwaga."

"Kaa chini, mwalimu."

Nikakaa. Nilikuwa nimeshasema.

Kesho yake, Jumatatu, ikaja barua ya kuniita Shelui kwenye semina ya elimu ya watu wazima, siku tano. Kukataa nisingeweza. Nikamshika mama mkono, nikampeleka mbele ya chupa. Nikamwonyesha pampu, nikamwonyesha uzi. "Kila asubuhi, kikombe kimoja, mpaka hapa tu."

"Mimi na jiwe," alisema.

"Mama, tafadhali."

"Nenda. Usichelewe basi."

Huko Shelui tulifundishwa namna ya kuwafundisha wazee kusoma, na nje ya dirisha malori yalisimama na kuondoka kwenda Nzega. Sikusikia hata nusu. Niliwaza ile midomo kumi na minne tu, kama imefunguka.

Nilirudi Jumamosi alasiri. Nilipoingia ndani niliona chupa, sikuona jiwe. Maji yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikasogeza uso. Ndani ya ule weupe kamba alikuwa amelala ubavu, amegeuka rangi ya waridi. Kaa alikuwa ametoka kwenye ganda lake, hakuna kaa anayefanya hivyo akiwa mzima. Tumbawe lilikuwa limejifunga lote, kila mdomo umekuwa kidoti.

Na maji yalikuwa yamefika sawasawa kwenye uzi.

"Mama, ulitia maji gani?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu akifuta mikono kwenye khanga, ingawa haikuwa na maji. "Ya ziwani."

"Ziwa gani?"

"Singidani. Nimekwenda mwenyewe kwa miguu, mara mbili, na kibuyu." Alianza kusema haraka. "Umeniambia ni kitu cha baharini, kinaishi kwenye chumvi. Nikaonja maji yake, kweli ni chumvi. Sasa kitu cha chumvi nikitie maji matamu? Si nitakipoozesha? Nikasema, Mungu ametupa ziwa la chumvi hapa hapa, na kisimani wanatutazama vibaya. Nilitaka liwe na nguvu. Nilitaka ukirudi ulikute limenenepa."

Chumvi ya ziwa letu si chumvi ya bahari. Ni magadi, ile ile inayolainisha maharage na kuchubua ulimi; ikikutana na maji ya bahari huyageuza meupe. Mtu wa pwani asingeweza kukosea hivyo, kwa kuwa hana ziwa la namna hiyo. Mtu wa sehemu nyingine za bara asingeweza pia. Ni mama wa Singida tu, mwenye akili na miguu yenye nguvu, ambaye angefikiri vizuri kiasi kile na kuua.

Sikumpigia kelele. Nilivuta dumu kutoka chini ya kitanda. Nikatoa jiwe kwa vidole, nikalisuuza kwenye bakuli la maji ya bahari, nikamwaga ule weupe nje, nikaosha mchanga, nikarudisha jiwe, nikajaza maji ya dumu mpaka tone la mwisho. Mengine yalikuwa pwani, kupita Manyoni na siku moja ya treni. Mama alipiga pampu. Alipiga mia mbili, nikamwambia inatosha, akaendelea.

Jumapili asubuhi baba mdogo alipiga hodi. Tukamwamkia, akaitikia, akaingia. Aligeuka akautazama mtaro nje mahali nilipomwaga, palipokauka na kuacha weupe, kisha akalitazama jiwe. Hapakuwa na kitu kinachocheza ndani ya chupa.

"Limekufa," alisema. Hakusema kwa furaha. "Basi Mungu ametuamulia. Mwanangu, mimi sikutaka kukuaibisha mbele ya watu. Lete nimwage mwenyewe, tumalize, tusiende nalo mkutanoni."

"Halijafa. Limejifunga."

"Limekufa. Hata mimi naona." Akaikamata chupa kwa mikono miwili, akaiinua kutoka kwenye kisanduku.

Nilisogea mbele, lakini mama alinitangulia. Aliweka kiganja chake juu ya mdomo wa chupa, akakibana kama anayeziba chungu kinachofoka.

"Iweke chini, shemeji."

"Shemeji, ni jiwe."

"Ni jiwe. Najua. Nimelikosea mimi, si yeye. Kama kuna mtu wa kusemwa, ni mimi."

"Sasa tunagombania jiwe lililokufa, watu wazima?"

Mama alikuwa mtu wa maneno machache mbele ya mwenyekiti. Siku za kuhama hakusema lolote, alifunga mizigo. Lakini mkono wake haukuondoka.

"Siku ya lori," alisema, "ulisimama uwanjani kwangu ukasema tubebe vyenye faida tu. Nikabeba jembe. Nikabeba chungu. Nikabeba mbuzi. Kaka yako nikamwacha kule chini ya mawe yake, kwa sababu kaburi halilimi. Nilinyamaza, shemeji. Ulinisikia nikisema neno?"

Baba mdogo akaitazama chupa mikononi mwake.

"Ulinisikia?"

"Sikukusikia."

"Leo unisikie. Hili halitoki. Kama unatafuta pa kuwekea mbegu, kibuyu kile pale ukutani, kichukue, ni kizuri, hakivuji. Lakini toa mikono kwenye chupa ya mwanangu."

Baba mdogo alikuwa na maneno mengi ya mikutano, na hakuna hata moja lililofaa humo ndani. Alirudisha chupa kwenye kisanduku polepole, bila kumwaga tone.

"Mtanijibu mkutanoni," alisema.

"Tutakuja," mama akasema. "Na kibuyu usikisahau."

Hakukichukua.

Alasiri ile tulikaa mbele. Mkutano ulifanyika karibu na kisima, kama kawaida. Baba mdogo akafungua, akasoma karatasi yake, akauliza bila kutuangalia: "Kuna ile habari ya chupa. Iko wapi?"

Mama akasimama. "Iko nyumbani, imejaa." Kisha akatoka katikati ya watu, kikombe mkononi, akaenda pale ndoo zilipopangwa.

"Foleni, mama!" mtu akapiga kelele.

"Foleni nimepanga tangu alfajiri. Ndoo yangu ndiyo hii ya tatu, imeshajaa. Nachota kwenye ndoo yangu." Akachota. Akakiinua kikombe watu wote wakione. "Cha kesho cha jiwe ni hiki. Chai siku hizi sinywi na mimi. Kuna mwingine anayetaka kunihesabia?"

Mwanamke mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka. Baba mdogo akaitazama karatasi yake. Akasema jambo la pili lilikuwa mbolea.

Kwa siku nane jiwe halikuonyesha kitu. Nilikwenda shule, nikarudi, nikapiga pampu, nikatia kikombe. Watu waliacha kuja kutazama. Walimu wenzangu waliniambia nizoee, kwamba hata bustani hufa. Nikawaambia sizoei.

Siku ya tisa nilikuwa ubaoni, kipindi cha hesabu cha darasa la tatu. Mama akatokea mlangoni akihema, unga bado umo mikononi.

"Mwalimu, njoo. Limefumbua."

Nikaweka chaki chini. Ningeweza kwenda peke yangu na kurudi kabla ya kengele. Badala yake niliwaambia watoto wote wasimame, tukatoka mstari mmoja, mama mbele, mimi nyuma, tukapita katikati ya kijiji saa ya kazi. Njia ya kwetu ilipita mbele ya ofisi. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwenyekiti!" watoto wakaamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Mnapelekwa wapi saa hizi?"

"Wanakuja kwangu," mama akasema, wala hakupunguza mwendo.

Waliingia watano watano, wakainama bila kugusa, kama nilivyowaambia. Chumba kilikuwa na harufu ya watoto na ya chumvi. Vidole vilikuwa vifupi kuliko zamani, na rangi ilikuwa imepauka, lakini vilikuwa vinapunga. Nikawaambia wahesabu midomo iliyofungwa, kisha waitoe kwenye kumi na minne. Kipindi kilikuwa bado cha hesabu.

Iliyofunguka ilikuwa sita.